Kitufe cha Kwenda Kenya

Naandika haya masikio yakiwa bado yanawaka moto, na siyo kwa aibu tu, ni kwa hasira pia, maana kuna aibu mtu anajiletea mwenyewe na kuna ile analetewa, na hii yangu ilikuwa mchanganyiko: mimi niliwasha kiberiti, wengine wakaleta kuni. Mkitaka kucheka chekeni, ukumbi mzima wa Lodwar umeshanicheka, nyinyi mtaongeza nini?

Mimi na Furaha tuko kidato cha tatu hapa Kakuma. Furaha ni Mkongo, anaishi kambini, na akianza kuongea hata mchanga unachoka kusikiliza. Mimi ni Mturkana wa Lodwar, na nikiulizwa jina darasani natazama viatu kwanza. Mwaka huu tulitengeneza programu ya simu kwa ajili ya mashindano ya sayansi. Mtu anayesafiri anabonyeza kitufe cha mahali anapokwenda, programu inawakusanya wa njia moja, na dereva anapata ujumbe aje awachukue, ili gari moja lijae badala ya magari matano kwenda nusu tupu yakimwaga moshi hewani. (Na moshi upo! Tangu waseme kuna mafuta ardhini kwetu, Lodwar imejaa magari makubwa ya kiyoyozi, kila moja limembeba mtu mmoja na chupa yake ya maji.)

Mashindano yenyewe yalikuwa Lodwar, na mshindi angekwenda Kitale kwa mashindano makubwa zaidi. Kwangu Kitale ni Kitale tu, lakini mkimbizi hatoki kambini hivi hivi, anahitaji karatasi ya ruhusa, na Mwalimu Wafula alikuwa ameambiwa kwenye ofisi ya kambi kwamba tukishinda Furaha ataandikiwa. Furaha aliletwa Kakuma akiwa anabebwa mgongoni. Alikuwa amesikia kwamba Kitale mvua hunyesha hata siku ambayo hakuna aliyeiomba, na alitaka kuona.

Sasa kosa langu. Kioo cha simu ya mwalimu ni kidogo, na vitufe vilishajaa: Lodwar, Kakuma, Kalokol, Lokichar. Kikabaki kimoja cha wale wanaokwenda mbali, na "Kitale, Eldoret na Nairobi" hazikuingia. Nikaandika Kenya. Basi. Huku kwetu mtu akivuka Kainuk, mpakani mwa Turkana, akaenda kule chini kwenye lami, tunasema ameenda Kenya, nyanya yangu anasema hivyo, kasisi anasema hivyo, na Mwalimu Wafula mwenyewe, mtu wa Bungoma, kila likizo anatuaga, "Haya, mimi naenda Kenya, someni." Aliiona programu, akaijaribu, akasema safi sana.

Kwa Lodwar Furaha alipewa karatasi ya siku moja tu, tukaingia ukumbi wa shule moja pale mjini. Jaji wetu alikuwa mama mmoja aliyetoka Nairobi, miwani imepandishwa kichwani. Furaha alieleza vizuri mpaka nikaanza kupumua, halafu yule mama akachukua simu, akaisogeza karibu na pua, akatabasamu vile mtu anavyotabasamu akipata jiwe kwenye wali wa mwenzake.

"Lodwar, Kakuma, Kalokol... Kenya?" akasoma kwenye kipaza sauti. "Nani aliandika hii?"

Furaha akanitazama. Nikatazama viatu.

"Wewe msichana, hapa tulipo ni wapi?"

"Lodwar, madam."

"Na Lodwar iko nchi gani?"

Jamani, najua jibu! Nimeimba wimbo wa taifa kila Jumatatu tangu darasa la kwanza! Lakini ukumbi umejaa, kipaza sauti kiko mdomoni, ulimi umekuwa kama ngozi iliyoanikwa, na kilichotoka ni, "Turkana."

Ukumbi ukalipuka. Kuna kijana wa nyuma alipiga kelele, "Pasipoti iko wapi?" Na waliokuwa wanacheka zaidi ni Waturkana wenzangu, watu ambao mama zao wako sokoni wakisema Kenya, Kenya, tangu asubuhi! Nikamtafuta Mwalimu Wafula kwa macho. Alikuwa anahesabu mabati ya paa.

"Ngoja niende basi hiyo Kenya," jaji akasema, na akabonyeza.

Programu haijui utani. Ikafanya kazi yake. Ujumbe ukamfikia Lokwang, dereva wa pikapu, ambaye tulikuwa tumemwandikisha wakati wa majaribio na tukasahau kumwambia kwamba leo ni mashindano. Simu ikalia mkononi mwa jaji, naye katika kushtuka akaipokea karibu kabisa na kipaza sauti.

"Haloo! Abiria wa Kenya! Uko wapi?" Sauti ya Lokwang ikajaa ukumbi. "Uko shule? Nakuja! Uko na mzigo? Kama ni mbuzi tunafunga juu, lakini lipa yake!"

"Mimi si abiria," jaji akasema.

"Usiogope, mama, mbele kuna nafasi!"

Na akaja. Tulikuwa bado tumesimama pale mbele kama waliohukumiwa, tukasikia honi getini, pikapu ikaingia na watu nyuma na magunia na kuku, ikazunguka mlingoti wa bendera na kuachilia moshi mweusi ulioingia dirishani hadi kwenye meza ya majaji.

"Na huu," jaji akasema akikohoa, "ndio moshi mnaopunguza?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Niseme, madam, ule ni moshi mmoja wa watu wengi, na pale nje chini ya kivuli mmeegesha magari manne, kila jaji na lake, mmetoka hoteli moja! Niseme, umebonyeza na gari limekuja, sasa unataka mradi ufanye nini zaidi, uruke? Nilikuwa nayo yote kifuani. Viatu vyangu nilivitazama mpaka nikavijua kila uzi.

Tukawa wa pili. Jaji akatangaza kwamba kazi ilikuwa nzuri "lakini wanafunzi wajifunze kwanza nchi yao." Wa kwanza walikuwa wavulana wa jiko la jua ambalo siku ile halikuchemsha hata chai.

Furaha hakulia. Alisema tu, "Kumbe Kenya iko mbali kabisa," akaenda kurudisha viatu alivyoazima.

Na sasa sikieni. Wakati wa chakula niko nyuma ya jikoni nimejificha na sahani yangu, yule mama anapita na simu sikioni: "Eeh, kesho narudi Kenya, hili jua litaniua!" Furaha alikuwa nyuma yake. Akanikazia macho kutoka mbali. "Umesikia? Banatucheka, kumbe nao banasema vile vile! Mwambie!" Mdomo wangu ulikuwa umejaa maharagwe. Nikameza, na yule mama akawa ameshafika kwenye gari lake, peke yake, kiyoyozi kimewashwa.

Kitufe nimekibadilisha. Kinasema Kitale, herufi ndogo ndogo, na hakuna mtu anayekibonyeza. Jana Lokwang alitupigia akilalamika: "Nyinyi wasichana, mbona mmetoa Kenya? Watu wanaitafuta!" Furaha anataka tuirudishe. Mimi nimeapa siandiki tena neno la nyumbani mahali ambapo mgeni atalisoma, na nimeapa pia kwamba atakayeniuliza tena niko nchi gani nitamtazama usoni, siyo viatuni, na kumwambia alete lami mpaka hapa kwanza, halafu aulize.