Nyekundu ya Rozela

Nimefundisha kemia kwa miaka ishirini na miwili, na nikiulizwa nimefundisha nini hasa, nasema nimefundisha namna ya kufanya bila. Bila gesi, bila maji ya bomba, bila mwalimu wa pili wa kunipokea vipindi. Shule yetu ni ya kata, katikati ya Musoma na Bunda, na mimi naishi Mwisenge, Musoma mjini, kwa hiyo kila siku naanza kuchoka kabla kengele haijalia. Sisemi hivi ili nihurumiwe. Nasema ili ieleweke kwamba kosa nitakalosimulia sikulifanya kwa uvivu. Nililifanya kwa bidii, tena bidii ya kujisifu.

Maabara ilikuwa na kabati la vioo. Ndani yake zilikaa bureti, ile mirija mirefu yenye koki ya kudondoshea asidi tone kwa tone, pamoja na chupa ndogo ya methili oranji, dawa ya rangi inayoonyesha asidi imetosha wakati gani. Ufunguo alikuwa nao mkuu wa shule. Mwaka mmoja nyuma kemikali zilituishia kabla ya mtihani wa taifa, akaandikiwa barua kali, na tangu hapo hakuna kilichotoka kabatini mpaka siku ya mtihani. "Madam, utaniponza," aliniambia kila nilipoomba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa barua, kama mimi ninavyoogopa likizo ikiisha.

Basi nikajitengenezea maabara yangu. Bomba za sindano, mpya kabisa, nilipewa na muuguzi wa zahanati. Asidi ilikuwa maji ya ndimu. Badala ya alkali ya chupani tulikoroga magadi, yale yale ya kupikia makande. Rangi ilitoka kwenye rozela, yale maua mekundu makavu, niliyoinunua sokoni Bunda, nikaichemsha nyumbani kama ya juisi ila bila sukari. Rozela ukiitia kwenye magadi inakuwa kijani kibaya, kama maji ya bwawa. Ukidondosha ndimu, inapitia rangi mbili tatu zisizo na jina, halafu inakuwa nyekundu.

Hizo rangi za katikati ndizo zilizonisumbua. Wanafunzi walikuwa wanaishia njiani, mmoja kwenye zambarau, mwingine kwenye kahawia, na majibu yao hayalingani. Nikawawekea sheria: usifunge, yaani usiache kudondosha, mpaka iwe nyekundu ya kweli. Niliisema kila Jumamosi asubuhi kwa miezi mitano. Ikafika mahali nikianza tu, "Usifunge," darasa zima linamalizia, wanacheka, na mimi nacheka nao. Walikuwa kumi na saba. Jumamosi zile, nakiri, ndizo siku pekee za mwaka ule ambazo sikuzichukia.

Kati yao alikuwepo binti kutoka kijiji cha wavuvi, huko kwenye rasi, aliyepanga chumba na wenzake karibu na shule. Alitaka kuwa muuguzi. Hakulisema kwa kubahatisha, kama watoto wanavyosema watakuwa marubani. Alimwona muuguzi wa zahanati ya kwao akimsaidia mama yake kujifungua mtoto aliyekuwa amekataa kutoka, na tangu siku hiyo hakuuliza tena atakuwa nani. Alishakwenda mpaka kuulizia chuo kinataka nini: afaulu baiolojia, fizikia na kemia, yote matatu. Mawili ya kwanza hayakumpa shida. Kemia ndiyo iliyomkaba, na kwenye kemia mtihani wa vitendo ndio ungembeba, maana mikono yake ilikuwa mizuri kuliko Kiingereza chake.

"Madam, kwenye karatasi nachanganyikiwaga," aliniambia siku moja, anaosha bomba. "Ila hapa kwenye kufanya, hapa sikoseagi."

Habari za methili oranji niliwaambia. Niliandika ubaoni: inatoka njano inakwenda rangi ya chungwa, na unafunga hapo hapo. Waliandika, nikaendelea mbele. Niliisema mara moja, labda mbili. Ile nyingine niliisema miezi mitano, na vidole vyao vikiwa kwenye bomba.

Siku ya mtihani nilitayarisha kemikali asubuhi, nikapanga meza, nikatoka. Ndio utaratibu: mwalimu wa somo hakai ndani, wasimamizi wanatoka shule nyingine. Nilikwenda ofisi ya walimu, kiti kikanishinda. Nikajifanya naenda chooni. Njia ya chooni inapita nyuma ya maabara, na madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto.

Flaski zote zilikuwa nyekundu.

Methili oranji ikifika rangi ya chungwa, umefika. Ikiwa nyekundu umeshapita, asidi imezidi, na hesabu zote zinazofuata zinaharibika. Niliona vichwa vimeinama, na mikono, mikono niliyoifundisha mimi, inaongeza tone, inatikisa, inaongeza tena. Nyekundu ya methili oranji haiwi nzito kama ya rozela, na wao walikuwa wanaitafuta ile nzito.

Binti alikuwa meza ya dirishani. Aliinua macho akaniona. Msimamizi alikuwa amegeukia upande wa pili. Akainua flaski yake kidogo tu, kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga, akatabasamu. Ningeweza kumkatalia kwa kichwa. Ungekuwa udanganyifu, na darasa zima lingefutiwa matokeo; hilo nililijua siku ile na leo nalijua. Ningeweza pia kupita zangu. Sikupita. Nilimwitikia. Nadhani nilikuwa nimechoka, na uso ule ulikuwa umefurahi kuniona, na kichwa kikashuka chenyewe.

Mtihani ulipokwisha niliingia kusafisha, nikaikuta ile chupa ya methili oranji mezani. Kila mtu hutumia matone mawili matatu tu. Chupa ilikuwa haijapungua hata upana wa kidole. Ingetutosha Jumamosi zote za mwaka, na mtihani, na ikabaki. Nilikaa kwenye stuli nikalia kwa hasira. Mkuu alipita akaniona, akanipa pole ya kazi.

Matokeo yalipotoka, kemia ilikuwa imeanguka vibaya. Binti alifaulu baiolojia, alifaulu fizikia, kemia alipata F. Kwenye kikao cha walimu ikasemwa kwamba watoto wa siku hizi hawasomi, simu zimewaharibu. Nilikuwepo. Nilikuwa na kalamu mkononi na mdomo ninao, na sikusema kitu. Hilo linaniuma kuliko hata lile la dirishani, kwa sababu siku ile ya kikao nilikuwa nimelala vizuri tu.

Nikasikia binti amekwenda Bunda kwa mama yake mdogo kujifunza ushonaji. Ilinichukua mpaka baada ya Pasaka kumfuata. Nilijitia kazi nyingi, nikasahihisha hata madaftari ambayo hakuna aliyeniomba niyasahihishe. Siku niliyokwenda nilimkuta barazani nyuma ya cherehani, anapinda sketi ya sare ya shule.

"Shikamoo madam!" Akaruka, akaniletea kiti na maji ya kunywa. Hakuwa na kinyongo hata kidogo, na hapo ndipo nilipoona kazi iliyo mbele yangu.

"Marahaba, mwanangu. Keti. Sikuja kusalimia tu." Nikavua viatu, miguu ilikuwa inawaka. "Kwenye ile titresheni, ile ya kudondosha asidi, hukukosea wewe. Ulifanya nilivyokufundisha, na mimi nilikufundisha vibaya. Ilitakiwa ufunge kwenye rangi ya chungwa."

Akaacha kukanyaga cherehani. "Lakini uliniitikia pale dirishani."

"Nilikuitikia."

"Mimi nilikuwaga najua ile nimeipata." Alikuwa anaitazama sketi, si mimi. "Nikasema basi, kama ile nimeipata na bado nina F, kichwa changu ndio kibovu. Nilimwambiaga na mama hivyo hivyo. Akasema haya, kashone."

Nilimwomba msamaha. Sikumbuki maneno yenyewe, nakumbuka tu kwamba yalikuwa mengi kupita kiasi. Nikamwambia kwamba akikubali kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nitamfundisha mwenyewe kila Jumamosi.

"Kwa rozela?"

"Kwa ile ya kabatini. Ufunguo ninao mimi sasa."

Ni kweli ninao. Nilimwambia mkuu mwezi wa kwanza kwamba bila ufunguo huo sifundishi vitendo tena, akanipa huku ananiangalia kama mtu anayenikabidhi barua yake ijayo.

Binti alikata uzi kwa meno. Nilitegemea alie, au anifukuze, au aniambie yameisha. Lolote kati ya hayo ningelipokea, nikarudi zangu Mwisenge nikalale.

"Wenzangu umewaambia?" akauliza.

"Bado."

"Hata mmoja?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Mama yake mdogo alikuwa ndani anapiga pasi, tukawa tunasikia pasi ikigonga meza.

"Yule wa Butiama, tuliyekuwaga naye meza moja, alichoma madaftari yake yote," akasema. "Anasema kemia sio ya watu kama sisi." Akarudisha mguu kwenye cherehani. "Mimi Jumamosi nitakuja, madam. Ila anza na huyo."

Nikavaa viatu, nikamuuliza gari za Butiama zinapaki wapi.