Kikombe cha Kyungu

Kofi la kwanza lilimkuta Noémie Mianda ameinama juu ya mbabula, jiko lake la makaa, akipuliza moto. La pili lilimwangusha chini. Aliyempiga alikuwa na uso wa mume wake aliyezikwa kiangazi kilichopita: macho yaleyale, mwanya uleule kati ya meno ya mbele, hata paji la uso lililojikunja vilevile.

"Simama," Kabange alimwambia. "Upike kawa. Na leo utanipatia mu kikombe ya Kyungu."

Kyungu na Kabange walikuwa mapacha. Kwa Waluba wa huku Kamina majina hayo hayachaguliwi: anayetangulia kutoka tumboni ni Kyungu, anayemfuata ni Kabange. Na mapacha wana sheria yao. Unachompa mmoja, umpe na mwenzake, kiasi kilekile. Ukinunua shati, nunua mawili. Ukimchapa mmoja kwa kosa lake, mwenzake naye aguswe na fimbo, hata kama hana kosa, ili wasitengane.

Wazazi wa Noémie walitoka Kasai, lakini alipoolewa aliishika sheria hiyo kuliko wenyewe. Kahawa yake aliikaanga mwenyewe, akaitwanga kinuni, si laini kama unga, bali chengachenga. Chujio lake lilikuwa mfuko wa flaneli ulioshonwa kwenye duara la waya, na maji aliyamimina kwa mkono, kidogo kidogo, akizunguka kutoka katikati kwenda pembeni. Kwa kuwa kahawa inayotangulia kushuka ni nzito na ya mwisho ni nyepesi, kila Kabange alipowatembelea Noémie alilihamisha chujio kutoka kikombe hadi kikombe, cha buluu cha Kyungu na cheupe cha Kabange, mpaka vyote viwili vipate uzito na wepesi sawasawa.

Kyungu, aliyekuwa karani wa shule, alikuwa akicheka. "Mama Mira, unatukatia maneno kama jaji mu tribunali."

"Bibi yangu anajua haki," Kabange alikuwa akijibu. Kumwita mke wa kaka yako bibi yako, yaani mke wako, ni utani wa kawaida, na wote walikuwa wakicheka, Noémie pia.

Baada ya mazishi Kabange aliendelea kumwita bibi yangu, ila hakucheka tena. Alikuja akasema yeye na Kyungu ni mtu mmoja; mtu huyo bado yuko hai, kwa hiyo mke anaye mume na nyumba inaye mwenyewe. Noémie akakataa. Siku hiyo Kabange alimkamata jogoo uani, akamnyonga shingo mbele yake, akamtupia mapajani. Aliporudi alikuja na shoka, akaupasua mlango wa mbele. Katika ukoo wao, mjane akimpa ndugu wa marehemu kinywaji ndani ya kikombe cha marehemu, mbele ya mzee, amemkubali. Asipompa, ukoo una njia yake ya kumrudisha kwao.

Tatizo ni kwamba kwao Noémie palikuwa hapohapo. Alizaliwa Kamina, akabatizwa Kamina, na mwaka tisini na tatu, akiwa msichana wa shule, akafukuzwa Kamina pamoja na watu wote wenye asili ya Kasai. Vijana aliosoma nao Shule ya Jumapili walikuja na vyuma, wakawaita bilulu, yaani wadudu, na yeye peke yake kilulu. Baba yake, karani wa reli, aliwaambia kwa upole kwamba anawajua baba zao. Wakamvunja magoti yote mawili mlangoni. Alifia stesheni, juu ya saruji, kati ya watu waliokuwa wakingojea treni ya kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai. Mama yake hakulia mbele za watu. Aliufua mkono mmoja wa shati la flaneli la marehemu mpaka damu ikafifia, akaushona kwenye waya uliookotwa relini, akawapikia watoto kahawa, kwa sababu chakula hakikuwepo.

"Usimimine maji yanayopiga kelele," alimfundisha Noémie pale. "Yanaunguza kahawa. Yaweke chini, yanyamaze kwanza."

Kitambaa kimebadilishwa mara nyingi tangu siku zile. Waya ni uleule. Na Kyungu alipomposa kule Mwene-Ditu na kumrudisha Kamina, Noémie aliapa moyoni kwamba hatatolewa tena katika nyumba ya mji huu akiwa anatembea kwa miguu yake. Matofali ya nyumba hii waliyafyatua yeye na Kyungu kwa mikono yao. Sasa ilikuwa kikombe au nyumba.

Alisimama. Mdomo ulikuwa unavuja damu. Kwenye kiti cha Kyungu alikaa mzee Ézéchiel, mdogo wa baba wa mapacha hao, ambaye ukoo wote humwita Tata, yaani baba. Alikuwa ameletwa awe shahidi. Alikuwa anautazama ukuta. Mlangoni, juu ya vipande vya mbao, alisimama Jessé, mkwe wa Kabange, mtu wa kuchinja ng'ombe huko Kaniama, mikono imejaa makovu.

"Tata Ézéchiel," Noémie alisema, "unaona?"

"Miye niliitwa kuangalia kikombe," mzee alijibu ukutani.

Noémie akatia kahawa kinuni, akaanza kutwanga. Kabange alimzunguka kama mtu anayechagua mbuzi mnadani.

"Twanga mbio. Mu nyumba ya kaka yangu bantu banakufa na kiu."

"Nyumba ya kaka yako, ni weye ulileta tofali ngapi? Ulifikaka hapa na baiskeli ya kukopa na suruali ya Kyungu."

Jessé alicheka. Kabange akamtandika Noémie mgongoni kwa mkanda, mara moja, halafu tena kwa sababu ya kicheko cha Jessé.

"Nilizaliwa hapa," Noémie alisema, akiendelea kutwanga.

"Mbuzi naye anazaliwaka mu nyumba. Anakuwa mutoto ya nyumba?"

"Mbuzi hajengi nyumba."

Safari hii alimpiga teke kwenye mbavu, na kahawa nusu ikamwagika. Noémie aliizoa pamoja na vumbi, akaitia kwenye chujio. Birika lilikuwa limeanza kutokota, kifuniko kikirukaruka. Akalishika kwa kitambaa, akaliweka chini kwenye sakafu, akachuchumaa kando yake, mikono juu ya magoti.

"Unafanya nini?"

"Nangoja mayi itulie."

"Mimina."

"Itaunguza kawa."

"Kwa Kyungu ulikuwa unangojaka?"

"Kwa Kyungu ndiyo nilikuwa nangojaka."

Kabange akaenda mwenyewe ukutani, akakitungua kikombe cha buluu kwenye msumari wake. Tangu mazishi kilikuwa kimening'inia pale, na hakuna aliyekigusa. Akakiweka mezani mbele ya mzee, akaweka chujio juu yake. "Tata, angalia sasa."

Birika likanyamaza. Noémie akalinyanyua. Akalowesha kahawa kidogo kwanza, kama kawaida, akaiacha ivimbe. Tone la kwanza lilidondoka katika kikombe cha Kyungu, na mzee Ézéchiel akageuza shingo kutazama.

Hapo mkono wa Noémie ukasita. Kabange akamkamata shingoni kwa nyuma, akambana, akainama mpaka nyuso zao zikakaribiana. "Mimina, kilulu."

Noémie alimtazama. Kwa miaka yote ya ndoa, uso ule ndio aliokuwa akiuona wa kwanza kila alipoamka. Akaking'oa kifuniko cha birika kwa kidole gumba, akammwagia usoni maji yote.

Kabange hakupiga kelele mara moja. Alifungua mdomo kwanza, kama anayetaka kujibu, kisha akaanguka juu ya meza, akaipindua pamoja na chujio na kikombe, akikwaruza mashavu yake mwenyewe kwa kucha. Jessé alivuka chumba kwa hatua ndefu, akaokota mchi wa kinu. Noémie aliinua mkono wa kulia kujikinga na mchi ukashuka juu yake. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Jessé akainua tena.

"Acha," mzee Ézéchiel alisema. Alikuwa amesimama katikati yao na mchi ulikuwa juu ya kichwa chake. "Muntu amekufa mu nyumba hii mwaka huu. Unataka nizike wangapi?"

Jessé akautupa mchi.

Phébé, jirani aliyekuwa muuguzi, aliwatibu wote wawili katika chumba kimoja cha zahanati, pazia kati yao. Kabange alilia upande ule huku ngozi ya shavu la kushoto ikitoka pamoja na kitambaa. Alipomaliza, Phébé alikuja upande wa Noémie kufunga mbao kwenye mkono.

"Macho yake inabakia mazima," alimnong'oneza. "Kama mayi ilikuwa inatokota, ingeyatoa. Ulimuhurumia, Mama Mira?"

Noémie akamsogezea mkono. Hakuwa amemhurumia Kabange. Alikuwa ameyaacha maji yatulie kwa ajili ya kahawa tu, kwa mazoea, na kama angejua, asingeyaacha.

Ukoo ulikutana nyumbani kwa Ézéchiel. Kabange alikuja amefungwa bandeji, akadai nyumba pamoja na fidia ya uso. Yeye na Kyungu, alisema tena, ni mtu mmoja. Watu waliitikia kwa vichwa. Wengi walitaka maneno yaishe wakale.

Ézéchiel hakuwa shujaa, na alijua alivyoutazama ukuta siku ile nyumbani kwa Noémie. Lakini sheria za mapacha alizijua, maana yeye ndiye aliyewalea hao wawili baba yao alipokufa.

"Tulipomuchapa Kyungu, tulikugusa na weye," alimwambia Kabange. "Ni kweli?"

"Ni kweli, Tata."

"Huyu mama amekumwangia mayi ya moto. Na Kyungu alipata yake?"

"Kyungu amekufa."

"Nakuuliza kama alipata. Katika maisha yake yote, huyu mama alimumwangiaka Kyungu mayi ya moto?"

Kabange alishika bandeji ya shavuni.

"Basi umepokea kintu peke yako, na tumekuona. Hamuko tena muntu moja. Enda ku nyumba yako."

Jessé alitema mate chini. Nyumba ikabaki kwa Noémie.

Mkono wake uliunga vibaya, umepinda juu ya kifundo, na sasa anamimina kwa mkono wa kushoto. Kikombe cha buluu amekirudisha kwenye msumari, kimebonyea upande mmoja. Anakunywa kutoka kile cheupe. Wakati mwingine Kabange hupita barabarani kwa baiskeli na kumgeuzia upande ule wa uso ulioungua, na Noémie humtazama mpaka apotee. Hafanani na mtu yeyote tena.

Birika halishuki chini siku hizi. Liko juu ya mbabula karibu na mlango mpya tangu asubuhi, linatokota, kifuniko kikirukaruka, na anapotaka kahawa anamimina maji yakiwa bado yanapiga kelele. Kahawa inakuwa chungu. Binti yake Mira alipokuja likizo kutoka Kabongo, anakofundisha, aliionja akakunja uso.

"Mama, hii kawa imeungua."

"Najua," Noémie alisema, akaongeza makaa.