Mikate Mibaya ya Mwanahija

Wifi yangu Mwanahija hajapata kukisifu chakula chake tangu nimjue, nami nimemjua tangu kaka yangu Bakri alipomuoa kwao Kudhaa akamleta nyumbani kwetu. Anakupakulia wali mtamu mpaka unajisahau, halafu anakuomba radhi eti hauna chumvi. Kwetu visiwani, kusini ya Kismayo, ndivyo mwanamke aliyelelewa anavyomkaribisha mgeni, na Mwanahija alilelewa kupita kiasi. Mimi Zakia adabu hiyo sina. Kikiwa kitamu nasema kitamu.

Vita vilipotufikia tulikimbia kwa mashua hadi Ras Kamboni, tukavuka mpaka hadi Kiunga, na mwaka wa tisini na mbili tukajikuta kambini Mombasa, kila nyumba na hema lake na mgao wake wa unga. Bakri alikuwa ameumia bega, hawezi tena kuvuta nyavu. Mwanahija akasema basi yeye atauza mkate wa mofa, ule unaobandikwa kwenye kuta za tanuri la udongo. Haya, tanuri alijenge wapi? Moto katikati ya mahema ulikuwa marufuku. Nafasi ilikuwa moja tu, kibanda cha mabati pale langoni, wanapopita wateja wa nje. Asipokipata kile, biashara hana.

Wafanyabiashara wa kambini walikuwa na mtindo wao. Mwenye biashara mpya husimama mbele ya wenzake baada ya sala ya alasiri, akawaeleza anauza nini na nani atanunua, kisha wao hunyoosha mikono kuamua nani apewe nafasi. Siku hiyo walisimama wawili, Mwanahija na Faisal, bwana mmoja wa mjini Kismayo, fundi wa redio.

Faisal alisema, akasema tena. Redio zake zingenasa mpaka habari za nyumbani, hata iliyoingia maji ya chumvi angeifufua. Watu wakapiga makofi. Akaja Mwanahija na kapu la mikate aliyoipika kwa jirani wa nje ya kambi, limefunikwa kitambaa cheupe. Nilikuwa nimemfundisha maneno ya kusema tangu asubuhi. Akainamisha uso.

"Nina vimikate vyangu," alisema kwa lafudhi yetu ya visiwani. "Si chakula cha kumpa mchu, ni cha kushikia roho tu. Mniwie radhi."

Akaketi! Nilimfinya paja, wapi. Husseini, fundi cherehani aliyekuwa mwenyekiti wao, akasema kanuni yao ni kumchukua mtu kwa neno lake, na mwenyewe keshasema mikate yake si kitu. Nilisimama nikafoka kwamba huyu mwanamke ana adabu tu, hana mkate mbaya. Nikaambiwa niketi, wifi mtu hawi shahidi. Niliketi kwa hasira. Mwanahija akatazama mikono yake, na nilijua anawaza bega la mumewe.

Husseini akauliza nani wanamtaka Faisal. Mikono ikaanza kunyanyuka. Lakini Faisal alikuwa ameketi karibu na kapu, hajala tangu alfajiri, na wakati sisi tunabishana alikuwa amepenyeza mkono chini ya kitambaa. Akasimama shavu limevimba, akawaashiria wangoje ameze.

"Mamangu nimemwacha Kismayo, sijui kama yu hai," alisema. "Kila siku alituambia chakula chake kibaya, na kila siku tuligombania ukoko. Mikate ya dada huyu ni mibaya vilevile. Redio nitazitengeneza hata hemani kwangu. Yeye mpeni moto wake."

Mimi, mdomo wangu wote huu, nililia mbele za watu. Husseini alichukua kipande, akatafuna, akawa wa kwanza kumnyooshea Mwanahija mkono, na wengine wakafuata. Kapu lilirudi tupu.

Tanuri likajengwa, Bakri akikanyaga udongo kwa miguu kwa kuwa bega halimruhusu, akiimba. Siku ya kufungua, foleni ilifika barabarani, nami nilikuwa nikiwapanga watu kwa kelele kama kibanda ni changu. Wa mbele kabisa alikuwa Faisal. Mwanahija alimpa mkate unaotoa moshi, akamwambia amsamehe, umeungua chini.

Faisal aliula wote papo hapo. Machozi yalimlengalenga, na huku anacheka.

"Mbaya kweli, dada," alimwambia. "Niongeze."