Mwenzangu wa Dar Amepita Kasulu

Jamani, leo nimemkana mtu wa kwetu mchana kweupe.

Mnajua hapa Kasulu naitwa Mwalimu wa Dar. Redio ikitaja tu Dar es Salaam, kibaraza kizima cha mgahawa kinanigeukia, kana kwamba nimetajwa mimi.

(Kwetu ni Mlandizi, mkoa wa Pwani, nje ya Dar. Msinicheke.)

Basi la Kibondo likasimama, abiria wakashuka kunywa chai. Mama Neema, mwenye mgahawa, akaniita: "Mwalimu, njoo! Mwenzako wa Dar huyu hapa!"

Alikuwa nesi mgeni, anahamia Kibondo. Nikavuta kiti mbio.

"Dar sehemu gani, dada?"

Akainamia kikombe. "Nje kidogo."

"Nje wapi?" Mama Neema akadakia.

"Mlandizi."

Kibaraza kikaangua kicheko. "Eh! Huko nako ni Dar?"

Dada akanitazama, nimtetee.

Nami nikanywa chai.

Honi ikalia, akaondoka.

"Pole, Mwalimu," Mama Neema akasema, akinijazia kikombe. "Kumbe hakuwa mwenzako."

"Hakuwa," nikajibu.

Sasa, ninyi mlioko Kibondo, mkimwona nesi mgeni, msalimieni. Mwambieni kuna mwalimu Kasulu anauliza kama Mto Ruvu, ule wa kwetu Mlandizi, umejaa mwaka huu.