Nusu ya Feza

Juzi, katika darasa ninamofanya mazoezi ya ualimu hapa Kasongo, msichana mmoja alikata karatasi ya mraba kutoka pembe hadi pembe. Mwenzake aliikata yake katikati. Walipoikata pembetatu moja tena na kupanga vipande vyake juu ya nusu ya mwenzake, nusu zote zilikuwa sawa. Nikasikia harufu ya majani mabichi ya shamba letu la karanga kule kwetu Wamaza.

Alasiri moja, tulipokuwa watoto, mama alitupatia mimi na mdogo wangu Feza kila mmoja mraba wake wa shamba, tupalilie nusu. Nusu niliyoijua, ile ya ubaoni, ilikuwa na pembe nne. Feza alipalilia kutoka pembe hadi pembe, akaketi.

“Mama, Feza hajafika nusu. Angalia kona ile.”

“Nimefika, mama.”

“Yaya yako iko anasoma, anajua. Rudia, mraba wote,” mama alimwambia, yaya akiwa mimi, mkubwa wake.

Alipalilia mraba wote, jembe likigonga mawe juani, nami kivulini nikaona haki imetendeka.

Nilifikiri siku mbili kabla ya kumpigia Feza simu kule Salamabila, anakoishi sasa. Nilimweleza yote, nikaomba msamaha.

“Nilijua, yaya,” alisema, “Na sasa watoto ndio wanakuamini wewe?”