Zamu ya Maji ya Shangazi, Mpakani Njukini

Mimi ni MC wa harusi mjini Voi, na mdomo ndio unaonilisha. Kwa hiyo Shangazi Mkamburi aliponipigia simu jioni moja, sikushangaa kwamba alichotaka kwangu ni mdomo.

"Mwadime, wamekuja kupima mpaka," alisema, hata salamu hakunipa. "Kigingi wamepiga katikati ya mfereji. Wakijenga nguzo hapo, maji hayapiti. Na saa hii maharagwe yanatoa maua. Njoo uongee nao. Wewe unajua kuongea."

Shangazi ni dada mdogo wa baba yangu. Alizaliwa Bura, kwetu milimani, akaolewa Njukini, kule chini ya Kilimanjaro, na tangu mumewe afariki analima shamba lake peke yake. Maji anayomwagilia hutoka juu, upande wa Tanzania, kwa mfereji wa udongo uliochimbwa na watu wa kale, kabla hapajasikika Kenya wala Tanzania. Sasa serikali zetu mbili zimetuma wapimaji wao kwa pamoja, watafute nguzo za zamani za mpaka na kuongeza mpya pale palipo wazi. Ni kazi nzuri, siikatai. Lakini maua ya maharagwe yakikosa maji yanaanguka, na Shangazi hana shamba lingine.

Ijumaa asubuhi niliondoka Voi kwa kanta, lori dogo la rafiki yangu Ouma, aliyekuwa akipeleka mahema na viti kwenye harusi Taveta. Wazazi wa Ouma walitoka magharibi kuja kukata mkonge Mwatate, yeye akazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, na leo anaongea Kidawida, lugha yetu sisi wa milimani, kunishinda. Njia nzima alinikosoa matamshi. Tulikunywa chai Mwatate, tukapita Bura bila kusimama kwa sababu Ouma aliogopa kuchelewa, nami nikainamisha kichwa wasije wakaniona watu wa ukoo.

Baada ya Maktau milima ilibaki nyuma na nyika ikafunguka. Tembo, wekundu kwa vumbi, walivuka barabara bila haraka, tukazima injini na kuwangoja. Pale tulipongoja, nilimwambia Ouma, ndipo Waingereza na Wajerumani walipopigana katika vita vikuu vya kwanza, wakibebewa mizigo na babu zetu.

"Walipigania nini hapa, na hakuna hata maji?"

"Walikuwa majirani wabaya. Mpaka wao ulipita hapo mbele."

"Nani alishinda?"

"Mwingereza. Akachukua pande zote mbili."

"Na mpaka?"

"Akauacha palepale."

Ouma aliwasha injini huku akitikisa kichwa. Alicheka peke yake hadi Mbuyuni.

Mchana tuliingia Taveta. Kilimanjaro ilikuwa imejifunika wingu kama kawaida yake, haipendi kuonwa na wageni kabla hawajala. Ouma alishusha mahema yake Bomeni, nami nikapanda bodaboda ya kwenda Njukini. Mwendeshaji, alipojua natoka Voi, alinisimulia jinsi malkia wa Uingereza alivyompa mjukuu wake wa Ujerumani mlima huu kama zawadi ya birthday, ndiyo maana mstari unatoka baharini umenyooka, ukifika kwetu unapinda. Hadithi hiyo nimeitumia mwenyewe kwenye harusi, na watu hucheka. Wenye kusoma historia wanasema si kweli. Wakubwa waligawana tu mezani, mmoja akabaki na Mombasa, mwingine na mlima, na hakuna aliyeuliza maji ya mlima yanateremkia kwa nani.

Jioni hiyo Shangazi alinipa ugali na mboga za maharagwe, kisha akanipeleka kuona kigingi. Kilikuwa kimefungwa utepe mwekundu, na kweli, kilisimama katikati ya mfereji, maji yakikipita huku na huku. Hatua chache upande wetu ndipo lilipo jiko lake la nje, la mbao na mabati, alilojengewa na marehemu mumewe.

Tukiwa pale alifika mama mmoja kutoka ng'ambo, ana jembe begani na kanga kiunoni. Alikuwa Mama Neema, Mtanzania, mwenyekiti wa mfereji. Mfereji una kamati moja ya watu wa pande zote mbili, na mwaka huu uongozi uko kwake.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Shangazi, kisha akanigeukia. "Karibu sana, kaka. Kesho tunasafisha mfereji. Nyumba ya mama itatoa nani?"

"Huyu hapa," Shangazi akasema. "Mimi goti limekataa."

Wakanieleza desturi. Siku ya kusafisha, kila nyumba hupimiwa kipande chake cha mfereji kwa mpini wa jembe, ikachimba matope na kung'oa majani. Nyumba isiyomaliza kipande haipati zamu ya maji hadi imalize, na huongezewa kipande kingine juu yake. Niliitikia kwa moyo wote, kama mtu anayeitikia kiapo cha ndoa asichokisikiliza.

Jumamosi kulipopambazuka watu walikuwa wamejipanga kando ya mfereji, Wakenya na Watanzania, na sikuweza kuwatenganisha isipokuwa kwa jinsi walivyosalimiana. Nilionyeshwa kipande cha Shangazi. Nilikuwa nimekata majani kidogo tu nilipoliona gari la wapimaji likiteremka. Nililaza jembe nikawakimbilia.

Walikuwa wawili wakuu, mmoja wetu, mmoja wa Tanzania, na vijana wao wa vyombo. Nikaanza. Jamani, niliongea! Niliongea juu ya mababu, juu ya udugu, juu ya Wazungu waliogawa mlima wasioujua, juu ya maharagwe. Nilipoinua mkono kuuonyesha mlima, wingu likaondoka, na nikadhani hata Mungu yuko upande wangu. Watu waliacha kuchimba wakapiga makofi.

"Mzee, umeongea poa sana," akasema mpimaji wetu. "Lakini pointi ni pointi. Siwezi kuisogeza hata kidogo. Nikiisogeza nimewapa hawa nchi."

"Wala mimi sitaipokea," akasema mwenzake, wakacheka.

Wakashuka mferejini kukagua kigingi. Hapo Mama Neema akaja na majembe mawili.

"Samahani, viongozi. Leo mguu ukiingia kwenye mfereji, mkono unashika jembe. Ni kwa wote."

Mpimaji wa Tanzania hakubisha. Alivua viatu, akakunja suruali, akatuambia kwao Marangu amekulia kwenye mifereji kama hii. Wetu alitazama viatu vyake vipya, akatazama watu waliokuwa wakimtazama, naye akavua. Walichimba bega kwa bega, na mimi kando yao niliendelea kuwaeleza historia.

Walipochoka walikaa ukingoni wakanong'onezana, kisha wakatuita. Kulikuwa na njia, walisema, na inakubalika katika kazi yao pointi ikiangukia majini. Nguzo mbili zitajengwa, moja kila upande, hatua chache kutoka majini, na pointi yenyewe ibaki katikati, maji yapite juu yake. Vigelegele vilipigwa pande zote. Halafu wakapima. Nguzo ya upande wetu iliangukia ndani ya jiko la Shangazi.

Nilijua lile jiko ni nini kwake. Mumewe alilijenga mwaka wa kwanza wa ndoa yao, na baada ya mazishi alikuwa akikaa humo hata kama hapiki. Nilivuta pumzi nianze hotuba nyingine.

"Nyamaza, Mwadime," akasema Shangazi. Alisimama mlangoni, ameshika mwimo. "Jiko nitajenga lingine. Maji nitayajenga na nini?"

Akaingia akatoa sufuria zake mwenyewe, moja moja. Baada ya hapo watu wote walilivamia lile jiko, wa Kenya wakishusha mabati, wa Tanzania wakibeba mbao, na kabla ya saa za chakula lilikuwa limesimama tena nyuma ya nyumba, limepinda kidogo, moshi ukitoka. Shangazi alicheka, akajifuta macho, akasema ni moshi.

Alasiri Mama Neema alisimama kutangaza zamu. Alitaja nyumba moja baada ya nyingine, na ya Shangazi hakuitaja.

"Mama Neema, umesahau nyumba moja," nikamwambia.

"Sijasahau, kaka. Kipande chenu bado kina majani."

"Lakini mimi nimeuokoa mfereji wenyewe!"

"Umeuokoa kwa mdomo, tunashukuru sana. Jembe lako limelala tangu asubuhi."

Watu walivunjika mbavu, mpimaji wetu mpaka akakaa chini. Nilicheka nao, hadi nilipomwona Shangazi. Hakuwa akicheka wala hakuwa na hasira. Alikuwa akiliangalia shamba lake, maua yameanza kunyauka kwa jua la siku ile, na hakunitetea, kwa sababu sheria ile aliikubali kabla mimi sijazaliwa. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona nikiwa na maikrofoni.

Jumapili, wengine wakienda kanisani, nilichimba. Kipande chetu, kwa kipimo kipya, kiko ng'ambo. Kwa hiyo nilitolea jasho ardhi ya Tanzania bila pasipoti, na kipande cha adhabu nacho kilikuwa hukohuko. Mama Neema alitoka ibadani akaja na gauni lake la kanisani kukagua. Alizamisha mpini, akasema, "Hapa rudia." Nikarudia. Aliposema basi, mikono ilikuwa imetoka malengelenge.

Jioni tulifungua. Maji yalikuja polepole, yakisukuma povu na majani makavu, yakapita katikati ya nguzo mbili walizojenga wapimaji jana yake, saruji bado mbichi, yakaingia kwenye maharagwe. Shangazi alivua ndara akasimama kwenye tope, goti bovu na yote, akiyaelekeza kwa mguu. "Sasa ndiyo umeongea," akaniambia. Sifa nyingi nimepewa jukwaani, lakini hiyo ndiyo niliyorudi nayo.

Jumatatu Ouma alinipitia Taveta, akaiona mikono yangu, akanicheka kutoka Salaita hadi Mwatate. Nilimwambia nilichojifunza: kwamba nilidhani nchi ni kitu cha kuongelewa, kumbe wale watu wanaishi pamoja kwa sababu kila mmoja anajua kipande chake. Akasema hayo ni maneno ya MC tu.

Wiki hii Mama Neema amenipigia. Kusafisha tena ni mwisho wa mwezi, siku ya Jumamosi. Siku hiyo nilikuwa nimeitwa kusimamia harusi kubwa Wundanyi. Nimewaambia watafute MC mwingine.