Siku Niliponusa Maziwa ya Kijiji Kizima

Keti vizuri, wewe unayenisikiliza, na ukitaka kucheka ucheke tu, maana watu wa Sangailu walicheka kabla yako na mimi sikufa. Nakiri bila kuzungukazunguka kwamba niliwahi kusimama langoni mwa kijiji, asubuhi peupe, nikiinamisha pua yangu ndani ya vyombo vya maziwa vya wanawake nisiowajua, kimoja baada ya kingine, kama mbuzi anayetafuta chumvi, na kabla jua halijafika utosini mume wangu akawa ameletwa pale katikati ya bunduki mbili. Yote hayo kwa wivu. Usinitafutie sababu nyingine, haipo.

Kwanza nikueleze habari ya dhiil, kwa sababu kama hukuzaliwa kwetu utadhani nilikuwa mwendawazimu (nilikuwa, lakini si kwa namna hiyo). Dhiil ni chombo cha maziwa. Mwanamke hukisuka mwenyewe kwa nyuzi za mizizi, akakaza, akakaza, mpaka kinashika maziwa bila kuvuja, na huwa na kifuniko chake. Kabla ya kutia maziwa, hukifukiza. Huchukua kijiti kikavu, akakiwasha, moto ukishakuwa kaa jekundu hukiingiza ndani na kukizungusha, akafunika, akatikisa, moshi ukashika kuta. Moshi huo huzuia maziwa yasiharibike upesi, tena huyapa ladha. Kila mwanamke ana mti wake na mkono wake. Mimi nilifukiza kwa mgunga, kama mama yangu, na mtu aliyezoea maziwa yangu ungeweza kumfunga kitambaa machoni na bado angekwambia haya ni ya Saadia.

Na kazi hiyo ni ya wanawake. Sisemi wanaume wanakatazwa. Nasema haijapata kumpitia mtu akilini, kama ambavyo haijapata kukupitia wewe kwamba jogoo anaweza kutaga. Lishike hilo, maana ndilo lililonimaliza.

Sasa, mume wangu Gedi alikuwa askari wa wanyama, na miaka ile ya shifta, waasi wenye silaha waliojificha misituni, mara tu baada ya uhuru, alipelekwa kukaa katika kibanda cha serikali pembezoni mwa msitu wa Boni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Sangailu. Mimi nilibaki Garissa kwa dada yake, wifi yangu Kaltuma, kwa kuwa barabara hazikuwa za kuchezea na kila safari ilitaka kibali. Alipoondoka nilimpa dhiil niliyoisuka mwenyewe, nikamwambia, mtafute mama mmoja wa heshima kijijini awe anakufukizia na kukutilia maziwa. Akaitikia. Miezi saba ikapita.

Tulikuwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto. Nakwambia hili mapema kwa sababu kila mtu alilijua na kila mtu alilitumia. Kaltuma alikuwa akinisuka nywele huku akiniambia, "Abaayo, mwanamume hakai miezi saba na nyani peke yake. Mwenzio atakuwa ameshapata wa kumchemshia chai." Abaayo ni dada, neno tamu kabisa, lakini kinywani mwa Kaltuma lilikuwa na mwiba ndani. Nilikwenda ofisini kuomba kibali siku ileile, na nikakaa pale mlangoni siku nne mpaka wakaniandikia ili waondokane nami.

Nilifika kwa lori la chakula lililosindikizwa na askari. Kibanda chenyewe kilikuwa cha miti na udongo, paa la nyasi, chumba kimoja, dirisha lisilo na ubao, na kona moja tembo alikuwa amejikunia mpaka nyumba nzima ikaegemea upande kama mtu anayesikiliza siri. Tumbili walikaa paani wakitutazama. Digidigi walipita mlangoni bila hodi. Ningependa kukwambia niliona uzuri wa mahali pale, na pazuri palikuwa, lakini mimi nilikuwa nakagua. Nilihesabu vikombe: viwili. Nikatazama chini ya kitanda. Kisha nikamtazama Gedi mwenyewe, nikaona nyusi yake ya kushoto haipo.

"Nyusi imekwenda wapi?"

"Moto," akasema, akageuka upande.

Na ndevu zake, ambazo Garissa zilikuwa zimejaa hata nikizivuta kwa mzaha hanuni, zilikuwa zimekatwa fupi, za kijana anayekwenda kuposa. (Nyusi imeungua na ndevu zimekatwa, mwanamke mwenye akili angeunganisha. Mimi niliunganisha na kitu kingine.)

Akanimiminia maziwa kutoka kwenye dhiil yangu, akanipa kikombe kwa mikono miwili, akachuchumaa mbele yangu kunitazama nikinywa. Nikaonja. Haukuwa moshi wangu. Ulikuwa moshi mzito, mtamu, wa mti wa msituni ambao sikuujua hata jina, na ulikuwa umetiwa kwa bidii, tena kwa bidii nyingi mno, kama mtu anayetaka sana kupendeza. Chombo changu, nyuzi nilizochuna kwa vidole vyangu, na ndani yake mwanamke mwingine!

Utaniuliza: si wewe ndiye uliyemwambia atafute mama wa kumfukizia? Ndiyo. Lakini mama mwenye wanawe na ng'ombe wake hufukiza chombo cha mgeni harakaharaka, moshi wa kutosha tu. Huu ulikuwa moshi wa mtu anayependa.

"Maziwa vipi?" Gedi akauliza.

"Ni maziwa."

"Hayana ladha fulani?"

Nikamtazama. Macho yalikuwa yanamng'aa. Nikajiambia, mtu huyu hana haya hata kidogo, anataka nimsifie mwenzangu!

Hapo ndipo ningeuliza. Sentensi moja tu. Badala yake nikaamua kunyamaza na kunywa chai ya rangi, na siku mbili nzima nikanywa chai ya rangi huku maziwa yakikaa pale, na Gedi akiniuliza, "Unaumwa?" na mimi nikimjibu, "Niumwe nini?" Wivu, rafiki yangu, ukishafunga mlango hauchagui wa kumla. Niliuonea wivu mti ule nisioujua. Nilimwonea wivu hata tumbili jike wa paani, kwa sababu alikuwa ameyaona yaliyopita mle ndani na mimi sikuyaona.

Asubuhi ya tatu Gedi alipokwenda kwenye doria yake, niliyamwaga maziwa yote nje (tumbili walishuka wakalamba mpaka udongo), nikaikumbatia dhiil chini ya shuka langu, nikashika njia ya Sangailu. Mpango wangu ulikuwa rahisi, na nikauona mzuri sana: nitanusa vyombo vya wanawake wa kijiji, na chombo kitakachokuwa na moshi ule, mwenyewe ndiye. Siku nyingine yoyote nisingepiga hatua kumi katika msitu ule peke yangu. Siku hiyo nilimkuta nyati amesimama kando ya njia, tukatazamana, na nakuapia ni yeye aliyeondoka.

Sangailu wakati huo serikali ilikuwa imewakusanya watu karibu na kituo cha askari, kijiji kizima kimezungushiwa boma la miiba, na kila asubuhi wanawake walipanga mstari langoni kukaguliwa kabla ya kutoka. Niliwakuta wamepanga mstari, dhiil zao zimejaa maziwa ya asubuhi. Nikaanza mwisho wa mstari.

"Abaayo, salamu aleikum. Hebu ninuse kidogo."

Wa kwanza alinipa kwa mshangao. Wa pili alinipa kwa kicheko. Wa tatu akaivuta dhiil yake kifuani akawaambia wenzake, "Muacheni, labda ana mimba, anatamani harufu." Mstari mzima ukacheka. Hakujua alichokuwa amegusa, lakini mimi macho yalijaa machozi, na mtu mwenye machozi hanusi vizuri, kwa hiyo nikazidi kuingiza pua ndani, mpaka ya saba au ya nane nikatoka na maziwa kwenye ncha ya pua.

Koplo wa langoni, mtu wa bara, mrefu, mwenye subira ndogo, akanijia.

"Wewe mama, umeandikwa kazi ya ukaguzi na nani?"

Nikashikwa. Ningesema nini, kwamba natafuta mke mwenza kwa pua? Nikatafuta maneno ya heshima, na haya ndiyo niliyoyapata: "Afande, kuna mtu anakwenda kwa siri kwenye kibanda cha serikali kule msituni. Anapeleka chakula. Mume wangu anamficha."

Sasa uyasikie maneno hayo kwa masikio ya koplo, katika miaka ile, pembezoni mwa msitu ule. Mimi nilisema habari za mapenzi. Yeye alisikia shifta.

Lango likafungwa. Filimbi ikalia. Askari wawili wakatumwa mbio kumleta Gedi, na wanawake wote wakaamriwa waweke vyombo chini, wafungue vifuniko, wakae. Jua likapanda. Nzi wakaja kwenye maziwa. Ng'ombe waliokuwa wanangoja kutolewa malishoni wakaanza kulia bomani, na mama mmoja akajaribu kwa Kiswahili chetu cha sokoni, "Afande, hii ni masiwa tubu, hakuna kitu. Ng'ombe nalia." Na wote, nikisema wote elewa wote, wakanigeukia mimi.

Nilimwendea nikamwambia nimekosea, hakuna shifta. Akasema, "Mama, mwanzo ulikuwa na hakika." Kweli nilikuwa nayo.

Gedi akaletwa, askari mmoja mbele na mmoja nyuma, kofia yake haipo. Aliponiona na dhiil mkononi, alitazama chini, na moyo wangu ukasema, basi, ni kweli, sasa atamtaja.

"Nani anakuja kibandani kwako?" koplo akauliza.

"Hakuna mtu."

"Mkeo anasema yupo. Chombo hiki kimefukizwa na nani?" (Nilikuwa nimeshamweleza yote wakati huo, nikilia, na sehemu ya moshi ilikuwa imemchanganya kabisa.)

Gedi akawatazama wazee waliokuwa wamesogea. Akawatazama wanawake.

"Mimi," akasema.

"Sauti!"

"Mimi! Nimefukiza mwenyewe!"

Kisha Eedo Shamsa, bibi mwenye ng'ombe ambaye ndiye aliyekuwa akimpa Gedi maziwa (eedo ni shangazi, kila mtu alimwita hivyo), akasimama kwa shida akasema, "Uongo. Mwanamume? Kila mara nilitaka kumfukizia akakataa. Nikadhani ananidharau."

"Basi onyesha," koplo akasema. Alikuwa ameshachoka na sisi sote.

Wakamletea moto. Na mume wangu, askari wa serikali, akachuchumaa mbele ya kijiji kizima, akatoa mfukoni kijiti cheusi (alikuwa nacho mfukoni!), akakiwasha, akakipuliza, akakizungusha ndani ya dhiil yangu polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika, akafunika, akatikisa. Alipofunua, moto ukaruka, akarudisha kichwa nyuma, na hapo wanawake wakaona nyusi iliyobaki iko hatarini, wakavunjika. Kuna waliolala chini. Wazee walifunika nyuso kwa shuka, lakini shuka zenyewe zilitikisika.

Eedo Shamsa akanusa. "Ni moto mwingi," akasema, "lakini wakwe zangu wawili hawafikii hapa." Akanipa.

Nikanusa. Ulikuwa ndio ule.

"Kwa nini hukumwachia eedo?" nikamuuliza, mbele ya watu wote, sikuweza kungoja.

Gedi akajibu akitazama ardhi. "Chombo umesuka wewe. Sikutaka mkono wa mwanamke mwingine uingie ndani."

Nilitamani nyati yule arudi animalize. Koplo alifungua lango akasema, "Nendeni, nendeni," na Eedo Shamsa akatujazia dhiil, nasi tukarudi msituni, Gedi mbele, mimi nyuma, dhiil nimeikumbatia, mpaka tukauona moshi, samahani, mpaka tukakiona kibanda.

"Ungeuliza," akasema.

"Ungesema."

"Nilikuwa nangoja unisifie."

Nikakaa chini palepale mlangoni nikanywa vikombe viwili, nikamwambia ni matamu, na yalikuwa matamu, ingawa yaliungua kidogo. Tumbili jike alikuwa paani bado. Kuanzia siku hiyo Sangailu waliniita Mama Pua, na Gedi walimpelekea dhiil mbili au tatu kwa utani, afukize, naye akazifukiza kwa hasira. Tulizeeka pamoja. Alifukiza mpaka mwisho, mlango umefungwa.

Kwa hiyo siku utakapoonja kitu cha nyumbani kwako ukakuta ladha usiyoijua, fanya hivi. Meza. Weka kikombe chini. Mtazame aliyekumiminia, umuulize, "Nani ametengeneza?" na usiinuke kwenye mkeka mpaka akujibu.